Nililiandika Behewa Jina Lisilo Lake

Katika makumbusho madogo ya reli huko Pennsylvania, Marekani, lipo behewa la mizigo ambalo kwa miaka kadhaa lilisimama mbele ya wageni likiwa na jina la kampuni ambayo haikuwahi kulimiliki. Jina hilo nililiandika mimi. Kama ningekuwa nimekosea tu, nisingewachosha wasomaji; watafiti wa vitu vya kale hukosea, wakasahihishana, kazi ikaendelea. Ninachokuja kukiungama ni kingine. Niliujua ukweli kabla rangi haijakauka, nikaufunika kwa ubao, nikanyamaza. Walionikabidhi kazi ile waliniamini, na waliokuja kutazama wakaamini nilichoandika.

Mimi ni mtoto wa reli. Nimezaliwa Tabora, pale njia ya kati inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na baba yangu alikuwa karani wa mizigo. Aliajiriwa enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akaendelea reli na bandari zilipotenganishwa mwaka 1969, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akajikuta mtumishi wa Shirika la Reli Tanzania bila kuhama meza. Jioni alikuwa akipita yadini na daftari kubwa, akinakili herufi na namba za kila behewa. Akifika mwisho wa treni alivuka upande wa pili na kurudi akizisoma upya. Upande mmoja unaweza kuwa umechakaa, tarakimu ikasomeka vingine, na behewa likiandikwa vibaya Tabora, mzigo wa mtu utatafutwa Mwanza wakati uko Kigoma. Nikiwa mdogo nilimfuata nyuma, nikaona herufi mpya za TRC zilivyopigwa juu ya EAR na za zamani zikichungulia chini yake. Siwezi kusema sikufundwa.

Nilipostaafu ufundi umeme huku Marekani nilikaribishwa kwenye kikundi cha watu wanaojitolea katika makumbusho hayo. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa watumishi wa Reli ya Pennsylvania, ambayo katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita iliongoza Marekani nzima kwa shehena na mapato. Mwaka 1968 iliunganishwa na mshindani wake mkubwa, Reli ya New York Central, na mwaka 1970 kampuni hiyo mpya ikafilisika. Watu wa miji hii hawajaisahau. Nilikuwa Mwafrika peke yangu katika kikundi, na walinipokea kwa wema ambao sijaona mfano wake tangu nihame nyumbani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonipotosha: nilitaka sana kuwalipa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kutafiti maandishi. Behewa la Kimarekani la zamani limejaa maandishi, na karibu kila andiko lina pesa au usalama nyuma yake. Herufi za mmiliki na namba huwekwa pande zote mbili na kwenye ncha zote mbili, kwa sababu mabehewa ya kampuni moja yalizunguka kwenye reli za kampuni nyingine nchi nzima, na kila siku behewa lilipokuwa ugenini, kampuni iliyokaa nalo ilimlipa mwenyewe kodi. Herufi zikiishia na X, ujue behewa si mali ya kampuni ya reli bali la mmiliki mwingine, kama yale ya matangi ya mafuta yaliyoandikwa UTLX. Chini ya namba kuna CAPY, yaani uzito ambao behewa lilisanifiwa kuubeba. Kisha LD LMT, kikomo halisi cha shehena. Kisha LT WT, uzito wa behewa likiwa tupu.

Huo uzito mtupu ndio unaonigusa zaidi, labda kwa sababu ya kazi ya baba. Behewa lililojaa hupandishwa kwenye mizani, uzito mtupu unatolewa, na kinachobaki ndicho anacholipia mteja. Sasa mbao hukauka au hulowa, fundi huongeza bati hapa na kubadilisha sakafu pale, na uzito mtupu nao unabadilika. Mteja akitozwa kwa uzito wa zamani, mmoja kati yake na reli anaibiwa. Ndiyo maana kanuni za chama cha kampuni za reli zililazimisha behewa lipimwe upya kila baada ya muda. Behewa jipya liliandikwa NEW pamoja na mwezi na mwaka. Likipimwa tena, NEW ilifutwa, zikawekwa herufi za kituo kilichopima na tarehe yake. Vivyo hivyo kwa masanduku ya ekseli: yalijazwa nyuzi zilizoloweshwa mafuta ili chuma kisisagike wala kushika moto, na kila yalipojazwa upya fundi alipiga stensili ndogo yenye tarehe na mahali. Breki za upepo nazo zilikuwa na tarehe yake ya kusafishwa. Mwenye subira akiyasoma yote anapata ratiba ya maisha ya behewa, imeandikwa na watu waliolihudumia, kwa mikono yao, bila nia ya kumpendeza yeyote.

Behewa letu lilikuwa la chuma, la kufungwa, urefu wa futi 40. Lilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu baada ya kutumika miaka mingi kama stoo ya vifaa. Nje lilikuwa na rangi juu ya rangi, kijivu juu ya hudhurungi, na hakuna namba iliyosomeka. Mtu yeyote mwenye uzoefu kidogo angeona kwamba ni la kundi lililotokana na mchoro uliopendekezwa na Chama cha Reli cha Marekani mwaka 1923. Pennsylvania ilijenga mabehewa yanayofanana hivyo, ikayaita X29, karibu 30,000, kuanzia mwaka 1924. Lakini Reli ya Baltimore na Ohio nayo ilijenga ya kwake, ikayaita M-26, na hayo mawili yanafanana kiasi kwamba ukiyaondoa maandishi unahitaji kuchunguza vitu vidogovidogo ili kuyatofautisha. Kampuni nyingine kadhaa zilijenga ya sura hiyohiyo. Haya yote niliyasoma. Niliyajua.

Ushahidi wa kwanza niliupata chini. Kwenye fremu za pembeni zinazoshika ekseli, herufi PRR zilikuwa zimesimama ndani ya chuma chenyewe, zimetoka kiwandani na kalibu, si za kupakwa. Nilipozisafisha kwa brashi ya waya nilihisi zikipita chini ya vidole, kavu na baridi, nikawaita wenzangu. Mzee mmoja alipiga makofi. Tangu dakika ile behewa likawa la Pennsylvania midomoni mwa kila mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nimelisema.

Fremu za magurudumu si behewa. Huinuliwa, hubadilishwa, hukopwa. Behewa linaloharibika kwenye reli ya jirani hutengenezwa na jirani, na likifika kwa muuza chakavu hupachikwa magurudumu yoyote yanayozunguka. Kusoma umiliki wa behewa kwenye magurudumu yake ni kama kumjua mtu ukoo wake kwa kutazama viatu alivyovaa. Kila kitabu cha kazi hii kinaonya hivyo.

Ushahidi wa pili ulikuwa upande wa kulia wa mlango. Maandishi meupe ya zamani hayafi upesi. Rangi ile nyeupe yenye madini ya risasi ilikinga rangi iliyokuwa chini yake dhidi ya jua na mvua, na hata likipakwa koti jingine juu, unene wake unabaki. Usiku, ukiishika tochi karibu kabisa na ukuta na kuielekeza kwa ubavu, mwanga unateleza juu ya bati na kila ukingo unatupa kivuli. Nilifanya hivyo, nikaona mkunjo: sehemu ya juu ya duara kubwa, safi kabisa, ikipotea kwenye kutu. Nembo ya Pennsylvania kwa miaka mingi ilikuwa duara lenye jiwe la kabari ndani, lile linalokaa kileleni mwa tao, na herufi za kampuni zimesukwa katikati. Nikasema hii hapa.

Nembo ya Baltimore na Ohio nayo ina duara. Ndani yake kuna kuba la jengo la Bunge la Marekani, na maneno ya kujisifu kwamba reli hiyo inaunganisha majimbo 13 na taifa yamezunguka ukingoni. Mkunjo niliouona ungeweza kuwa wa yoyote kati ya hizo mbili. Ningepaswa kutafuta herufi chini ya mkunjo, kupiga picha kwa mwanga wa kila upande, na kukwangua kidirisha kidogo kwa maji, tabaka moja baada ya jingine, hadi nijue. Badala yake nilichukua mashine ya msasa.

Nilivaa barakoa kwa sababu ya risasi, kwa hiyo kujilinda nilijua. Nilitaka bati liwe laini ili herufi mpya zikae vizuri kabla ya sherehe ya majira ya joto, na nilijiambia kwamba nimeshaona cha kuona. Vumbi lilitoka kijivu, kisha hudhurungi, kisha jekundu. Kwa dakika chache, kati ya hudhurungi na nyekundu, pale chini ya LT WT ilipopaswa kuwa, zilijitokeza herufi ndogo na tarakimu. Niliziona. Zilikuwa wazi kiasi kwamba ningeweza kuzinakili kwenye kiganja. Mkono haukusimama. Nilipoinua mashine kulikuwa na chuma kinachong'aa tu.

Hapo ndipo moyo wangu unaporudi kila mara. Zilikuwa herufi za kituo na tarehe, kazi ya fundi fulani aliyelipima behewa lile, akafuta uzito wa zamani na kupiga mpya. Zilikuwa zimedumu chini ya rangi kwa miongo mingi, hakuna nakala yake popote, na mtu wa mwisho kuzisoma ni mimi niliyezifuta bila kuzisoma sawasawa.

Upande wa kushoto wa mlango, ambako jina la kampuni lingekuwa, haukunipa jibu. Mabehewa ya kundi hili yanajulikana kwa kuliwa na kutu sehemu za chini za ubavuni, na letu lilikuwa limebandikwa viraka vya bati vipya, yaliyokuwa hapo yakaenda nayo. Nikaandika PENNSYLVANIA kwa herufi nyeupe, nikaipima kila herufi kutoka kwenye picha za X29. Namba niliichagua kwenye orodha ya namba zilizowahi kutumika. Uzito mtupu niliutoa kwenye picha ya behewa jingine. Herufi za kituo cha kupimia na tarehe nilizitunga mezani kwangu, nikachagua mwaka 1944 kwa sababu wageni hupenda habari za vita. Nilikuwa nimefuta tarehe ya kweli, na mahali pake nikaweka ya uongo, ukubwa uleule, mtindo uleule.

Siku chache kabla ya sherehe niliingia ndani kufunga taa. Mabehewa mengi ya zamani yalikuwa na herufi na namba ndani pia, kwenye ubao wa ukuta wa nchani, ili mpakiaji ajue yuko wapi bila kutoka nje. Mwanga wa taa mpya ulipogonga ukuta ule nikaona alama nyeusi zilizofifia. Nilifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ilitokea B, kisha ile alama ya kuunganishia, kisha O, na chini yake tarakimu, mbili za mwisho zikiwa zimekwanguliwa na mizigo. B&O. Baltimore na Ohio.

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi. Nje niliwasikia wenzangu wakipanga viti. Mialiko ilikuwa imeshatumwa, na mama mmoja mzee ambaye baba yake alikuwa mshika breki wa Pennsylvania alikuwa ameomba akate utepe. Nilijiambia kwamba ubao huo huenda ulitolewa kwenye behewa jingine wakati wa matengenezo. Jambo hilo linawezekana, na ningeweza kulichunguza kwa kutazama misumari na rangi ya kingo. Sikulichunguza, kwa kuwa nilijua jibu. Nilichukua ubao wa maonyesho wenye historia ya behewa niliyoiandika mwenyewe, nikaupigilia kwa skurubu palepale, juu ya zile herufi.

Sherehe ilipita. Yule mama alikata utepe, akaweka kiganja kwenye jina nililoandika, akalia. Watu walinipongeza. Picha zilipigwa, moja ikaingia kwenye kipeperushi cha makumbusho, na maelezo yangu yakachapwa chini yake kama jambo lililothibitishwa.

Mwaka uliofuata alikuja mzee aliyewahi kutengeneza mabehewa karakana, amefuatana na mjukuu wake. Alizunguka mara mbili, akainama, akatazama ngazi na gurudumu la breki, asiseme kitu. Kisha akaniuliza kwa upole kama tumeiona namba ya ndani. Nilimjibu kwamba haipo. Ule haukuwa ukimya tena, ulikuwa uongo mbele ya mtu mzima, na alinitazama kwa namna ambayo nadhani aliutambua. Aliniaga kwa heshima akaondoka na mtoto. Sikupata tena nafasi ya kumwambia.

Lililonimaliza nguvu lilikuwa jingine. Kijana mmoja wa shule alileta kisanduku cha kadibodi. Ndani mlikuwa na behewa dogo alilolitengeneza mwenyewe kwa uwiano wa 1 kwa 87, ule unaotumiwa zaidi na waundaji wa reli za mfano, akifuata picha za behewa letu kwa muda mrefu. Kila kitu kilikuwepo: jina, duara, namba. Alinipa kioo cha kukuzia nione chini kabisa, na pale, kwa herufi ndogo kuliko chembe ya uwele, alikuwa amenakili kituo cha kupimia na tarehe ya mwaka 1944 niliyoitunga. Aliniuliza kituo hicho kilikuwa mji gani. Alisema ametafuta sana hajakipata.

Hakikuwa mji wowote. Mtoto alikuwa amepoteza jioni zake akitafuta mahali nilipopabuni, na kazi yake nzuri ilikuwa imebeba uongo wangu kwenda mbele. Kesho mtu mwingine angepiga picha ya behewa lake, mwingine angeitazama picha hiyo na kuandika kwamba Pennsylvania ilikuwa na kituo cha herufi hizo. Makosa ya maandishi ya kale huenea hivi. Kitu kilichopakwa upya kinapigwa picha, picha inakuwa ushahidi, na ushahidi unatumika kupaka kingine.

Nilimwambia palepale kwamba tarehe ile niliitunga. Alinitazama bila kuelewa. Nikamwambia tena, na nikamwomba radhi. Kisha nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, mwanamke mwenye maneno machache, nikamweleza yote tangu mkunjo wa nembo hadi ubao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba bisibisi. Tukaingia pamoja behewani, akaufungua ubao yeye mwenyewe skurubu moja moja, akazitazama herufi kwa muda mrefu, akaniambia kwamba kosa angelisamehe siku hiyohiyo, ila atahitaji muda kwa hili la ubao. Alikuwa na haki. Baadhi ya wenzangu waliacha kunisalimia kwa kipindi, nao walikuwa na haki.

Behewa liliokolewa na uvivu wangu. Majira yale sikuwahi kupiga msasa upande wa pili, ule unaotazama ukuta wa jengo. Niliupaka rangi mpya juu ya zile za zamani basi. Kwa hiyo chini ya rangi yangu kila kitu kilikuwa salama. Safari hii alikuja mtu anayejua kazi ya rangi za kale, akafanya kwa maji na kwa subira, akifungua vidirisha vidogo na kupiga picha kila tabaka. Niliruhusiwa kumshikia taa. Ilianza kuonekana sehemu ya kuba, nguzo zake na ukingo wa duara. Kisha herufi za kampuni. Kisha namba, na ikalingana na tarakimu zilizobaki ndani. Chini kabisa kulikuwa na stensili moja ya kujaza mafuta kwenye masanduku ya ekseli, nusu yake imeliwa na kutu.

Ni M-26 ya Baltimore na Ohio, kampuni iliyopewa hati mwaka 1827, reli ya kwanza Marekani iliyoanzishwa kubeba abiria na mizigo ya umma. Ilipokwisha kumezwa na nyingine mwaka 1987, behewa hili lilikuwa limeshaachwa kwenye nyasi zamani. Magurudumu ndiyo ya Pennsylvania, na sasa ubao wa maelezo unasema hivyo, kwa kuwa nayo ni sehemu ya maisha yake. Upande uliohifadhiwa umeachwa kama ulivyo, na vidirisha vyake wazi, umewekewa paa dogo. Upande nilioukwangua umepakwa rangi nyekundu ya kahawia bila andiko lolote. Wengine walitaka tunakili maandishi kutoka upande wa pili. Nilipinga, na mwenyekiti alikubaliana nami: tarehe za pande mbili hazikuwa lazima zifanane, na pale hatuna tena haki ya kuandika. Ubao mpya una sentensi moja inayosema kwamba maandishi ya upande huo yaliharibiwa na mtafiti wa makumbusho kabla hayajanakiliwa. Niliomba jina langu liwekwe. Halmashauri ilikataa, ikasema sentensi inatosha.

Yule mama aliyekata utepe nilimwendea nyumbani. Alinisikiliza, akasema baba yake alishika breki za mabehewa ya kila kampuni, na bila shaka aliwahi kushika za Baltimore na Ohio pia. Alinikaribisha kahawa. Sikustahili.

Naandika haya kwa Kiswahili, nikiwakusudia watu wa nyumbani, kwa sababu kwetu kazi hii ndiyo kwanza inaanza na muda ni mchache. Kuanzia Mombasa hadi Kampala na kuanzia Tanga hadi Kigoma kuna mabehewa ya reli ya mita moja yaliyobeba historia yetu yote chini ya rangi. Yapo yaliyoanza maisha yakiwa na KUR ya Kenya na Uganda au TR ya Tanganyika, yakawa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki au EAR&H baada ya tarehe 1 Mei 1948, reli na bandari zikatenganishwa mwaka 1969, kisha mwaka 1977 kila nchi ikachukua yake na kuyapiga jina jipya. Hakuna kitabu kilichonakili maandishi ya kila behewa. Yamo kwenye mabati. Treni za reli ya kisasa zimeanza kazi Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania tangu mwaka 2024, na kila behewa la zamani linalosukumwa pembeni linaangukia macho ya wauza vyuma chakavu, au ya mtu mwenye nia njema na kopo la rangi. Huyo wa pili namhofia zaidi, kwa kuwa najua alivyo.

Nairobi kuna Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971, na watu wengi hudhani injini kubwa za mvuke ndizo pekee zinazostahili kutunzwa. Nawaomba wenye mamlaka wayafikirie na mabehewa ya mizigo, yaliyobeba pamba ya Mwanza na mkonge wa Tanga. Kabla halijakatwa wala kupakwa rangi, behewa lipigwe picha pande zote mbili, ncha zote mbili na ndani, mchana kwa jua na usiku kwa tochi ya ubavuni, na rula iwekwe kando ya herufi ili ukubwa wake ujulikane. Msasa usiguse mahali ambapo hapajapigwa picha. Vyuma vya magurudumu vinakiliwe, lakini visitumike peke yake kulipa behewa jina. Na mtafiti akikuta andiko linalopingana na aliyoyasema jana, aliandike daftarini na awaite wenzake waje walione siku hiyohiyo.

Wastaafu wa reli mliobaki, makarani, wapaka rangi, mafundi wa karakana, zikumbukeni herufi za vituo mlizopiga kwenye mabehewa na muwaandikie vijana zilimaanisha mji gani. Na kama nyumbani kwako kuna picha ya zamani ambayo behewa limejitokeza nyuma ya watu, hata iwe picha ya harusi au ya timu ya mpira ya stesheni, naomba usiitupe: andika mgongoni mwaka na stesheni ilipopigwa, kisha peleka nakala makumbusho.